Zamani Walikuwa Zimwi, Leo Ndio Mastaa: Historia ya Hadithi za Bizaro na Mashujaa Transjenda

Kuna vitabu ambavyo ukianza kumsimulia mtu, atakukata hapo hapo na kukuuliza umekunywa nini. Mwanaume anaingia ndani ya mwili wa mpenzi wake na kukuta nchi nzima humo. Muigizaji maarufu anawindwa na wahusika wote aliowahi kuwaigiza, kila mmoja akitaka roho yake. Dude la kijivu linatembea chini ya ardhi ya New York likiokota wanawake wasio na makazi, na anayelifuata gizani si polisi wala mwanajeshi. Ni mwanamke transjenda anayelala mtaani, anamtafuta mpenzi wake.

Hadithi hizi zinaitwa bizaro. Ni fasihi ya kutisha iliyochanganywa na vichekesho, ndoto mbaya na ukichaa wa makusudi. Na kwa wale ambao neno ni geni kwao, mwanamke transjenda ni mtu aliyeandikwa mvulana siku aliyozaliwa, lakini anajijua na kuishi kama mwanamke.

Sasa unaweza kusema haya ni mambo ya Wamarekani wenye muda mwingi. Sawa. Lakini nyuma ya vitabu hivi kuna historia ndefu kuliko inavyoonekana, na swali lake hata bibi yako angelielewa vizuri: zimwi ni nani, na nani amempa mtu ruhusa ya kumwita mwenzake zimwi?

Twende taratibu.

PAKA WA SULTANI

Kabla hatujapanda ndege kwenda Japani na Marekani, tukumbushane ngano moja ya kwetu pwani, maana itatusaidia huko mbele. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Zanzibar, alichapisha mkusanyiko wa ngano za Waswahili. Humo kuna habari ya Sultani Majnuni na paka wake.

Paka anaanza kula mifugo ya watu. Wananchi wanakwenda kushtaki, sultani anawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, kwa hiyo kesi imeisha. Paka anapanda ngazi, anakula mnyama mkubwa zaidi. Jibu ni lile lile. Anakula mtoto wa mtu, kisha mtu mzima. Bado paka ni wa sultani. Siku anapowala watoto wa sultani mwenyewe ndipo mzee anafumbua macho na kugundua kuwa huyo si paka tena, ni Nunda mla watu. Mwishowe mtoto wake mdogo ndiye anayeingia porini kumsaka.

Hiyo ni hadithi ya dubwana kamili, tena imeandikwa zaidi ya miaka 80 kabla ya Godzilla. Angalia jinsi ilivyojengwa. Nunda hakushuka kutoka mbinguni. Alilelewa ikulu, akalindwa kwa maneno, akakua kila mara mwenye mamlaka alipokataa kusikiliza. Zimwi ana mwenyewe. Shika hilo.

GODZILLA ALIKUWA KILIO

Tarehe 1 Machi 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa megatoni 15, karibu mara 1,000 ya bomu lililoangushwa Hiroshima. Mashua ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Haikusaidia kitu. Majivu meupe yaliwaangukia wavuvi wote 23, wakarudi nyumbani wakiwa wagonjwa. Septemba mwaka huo mpiga redio wa mashua akafariki.

Novemba 3, 1954, kampuni ya Toho ikaachia muvi ya Godzilla. Inaanza na mashua inayopigwa na mwanga mkali baharini. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kuelezwa ni nini kile. Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa amepita Hiroshima baada ya vita na kuona kwa macho yake kilichobaki. Ndani ya vazi la dubwana alikuwamo Haruo Nakajima, na vazi lenyewe lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, mtu anatoka jasho humo kama yuko kwenye tanuri.

Wajapani wana jina la viumbe wa namna hii: kaiju, yaani kiumbe wa ajabu. Na kaiju wa kwanza alikuwa kilio cha watu waliofanyiwa kitu ambacho hawakuwa na uwezo wa kumshtaki aliyekifanya. Muvi ilipofika Marekani mwaka 1956, ilikatwakatwa, ikaongezwa muigizaji Mmarekani, na maneno mengi kuhusu bomu yakapungua. Dubwana likabaki, mwenyewe akafichwa. Kama kwa sultani vile.

Miaka miwili baadaye, 1958, Marekani ikatoa dubwana la kike. Muvi inaitwa Attack of the 50 Foot Woman. Nancy ni tajiri, mume wake anamsaliti hadharani huku akimezea mate pesa zake, na kila mtu mjini anamwona mke chizi. Anakutana na jitu kutoka anga za mbali, mwili wake unaanza kukua hadi futi 50, kama mita 15 hivi. Anakwenda moja kwa moja baa alipo mume wake, anang'oa paa na kumbeba mkononi kama mdoli. Sherifu anapiga risasi, mtambo wa umeme unalipuka, Nancy anakufa.

Yaani mwanamke ambaye hakuna aliyemsikiliza alipokuwa na ukubwa wa kawaida anasikilizwa tu alipokuwa mkubwa kuliko nyumba, na hapo hapo wanamuua. Mwili unaovuka mpaka uliowekewa lazima uzimwe kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Kumbuka kanuni hiyo, kwa sababu kuna watu waliolipia bei yake kuliko Nancy.

KABATINI

Mwaka 1957 polisi wa mji mdogo wa Plainfield, Wisconsin, walimkamata mwanaume mmoja aliyekuwa na vitu vilivyotengenezwa kwa ngozi za maiti. Magazeti yakapata stori ya karne. Mwandishi Robert Bloch, aliyekuwa akiishi si mbali na hapo, akatoa riwaya ya Psycho mwaka 1959, na 1960 Alfred Hitchcock akaifanya muvi. Muuaji ni kijana mpole anayevaa nguo za mama yake marehemu.

Ilipiga sana. Na kwa Hollywood, kitu kikipiga kinageuka kanuni. Tangu hapo, mwanaume aliyevaa gauni akawa njia ya mkato ya kumtia mtazamaji hofu. Mwaka 1980 ikaja Dressed to Kill, muuaji mwenye wigi na koti la kike. Mwaka 1983 ikaja Sleepaway Camp, ambayo kitisho chake kikuu kimehifadhiwa picha ya mwisho: binti tuliyekuwa naye muvi nzima anaonekana akiwa uchi, tunaambiwa alizaliwa mvulana, na kamera inaganda juu ya mwili wake kana kwamba mwili ndio kosa. Mauaji yote ya kambi nzima yanasahaulika, mwili unabaki.

Mwaka 1991 ikaja The Silence of the Lambs, ikazoa Oscar 5, zile kubwa zote. Humo yumo muuaji anayewachuna wanawake ngozi ili ajishonee mwili wa kike. Muvi yenyewe inasema kwa maneno kwamba mtu huyu si transjenda. Lakini nani anakumbuka mstari mmoja wa maelezo? Watu wanakumbuka akicheza mbele ya kioo. Picha ina nguvu kuliko tanbihi.

Na ikiwa si hofu, basi ni kicheko. Ace Ventura ya 1994 wengi mnaijua. Jim Carrey anagundua kuwa mwanamke aliyembusu alizaliwa mwanaume, anatapika, anachoma nguo, na mwishoni kikosi kizima cha polisi kinatapika pamoja naye. Ukumbi unacheka. Kwenye kibanda umiza pia watu walicheka, maana muvi imekupa mahali pa kucheka.

Sasa jiweke kwenye kiti cha msichana transjenda wa miaka 14 aliyekaa katikati ya ukumbi huo. Hajawahi kuona mtu kama yeye popote. Mara ya kwanza anamwona, ni muuaji. Mara ya pili, ni kitu cha kutapikia. Mwaka 2020 ilitoka filamu ya makala, Disclosure, ambamo waigizaji na wasanii transjenda wa Marekani wanaeleza jinsi muvi hizi zilivyowafundisha wao wenyewe kujiogopa. Kuna mambo ya kutisha kuliko zimwi, na mojawapo ni kuambiwa kila wikendi kwamba zimwi ni wewe.

Halafu kuna jambo la lugha ambalo sisi Waswahili tunaweza kulitazama kwa pembeni na kutabasamu kidogo. Kwa Kiingereza, mhusika kwa kawaida huwa mwanaume au mwanamke kila anapotajwa kwa kiwakilishi, kwa hiyo muvi hizi hupata mshtuko wake kwa kumfichia mtazamaji neno moja kisha kulibadilisha. Kwa Kiswahili, "alikuja, akaketi, akalia" haikwambii chochote. Unaweza kusimulia maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa na kitenzi kisimchongee hata mara moja. Sisemi lugha inatufanya watu wema, maana matusi tunayo ya kutosha. Nasema tu kwamba mshtuko ule haukuwa sheria ya maumbile. Ulikuwa ufundi wa watu fulani mahali fulani.

ZIMWI ANASHIKA MAIKI

Mwaka 1993, katika chuo kikuu cha California State huko San Marcos, mwanahistoria Susan Stryker alipanda jukwaani mbele ya wasomi. Yeye ni mwanamke transjenda. Alichokisoma kilichapishwa 1994 katika jarida la GLQ, na kiini chake ni hotuba kwa Victor Frankenstein.

Mnakumbuka Frankenstein. Mary Shelley alianza kuiandika akiwa na miaka 18 tu, ikatoka 1818. Mwanasayansi anaunganisha vipande vya maiti, anakiwasha kiumbe, kisha anakiona kibaya na kukikimbia. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. La, ni jina la daktari. Zimwi hakupewa hata jina. Lakini katika kitabu anaongea, tena anaongea vizuri kuliko aliyemuumba. Amejifunza kusoma, anajua ametupwa, na anauliza kwa nini.

Stryker akasimama upande wa zimwi. Watu walikuwa wakiwaita transjenda viumbe vya kutengenezwa na visu vya madaktari, kitu kisicho cha asili. Badala ya kujitetea kwa kusema "mimi ni mtu wa kawaida kama nyinyi," alilichukua neno zimwi, akalivaa, akaanza kuongea kutoka ndani yake. Hasira aliyokuwa nayo hakuificha, aliitumia kama mafuta. Na akawageuzia kibao waliokuwa wakimtazama: na nyinyi pia mmetengenezwa, hata mishono yenu inaonekana ukiangalia vizuri.

Ilikuwa hotuba ya chuo, haikuwa riwaya wala muvi. Lakini mlango ulifunguka. Kilichokosekana kilikuwa mashine ya kuchapa.

MASHINE ILIYOVUNJA GETI

Hapa ndipo bizaro inaingia, na hapa pia pana somo la biashara.

Zamani ili kitabu kitoke, mchapishaji alilazimika kuchapa maelfu ya nakala, kukodi ghala, na kuyaomba maduka yaviweke rafuni. Nani angeweka pesa hizo kwenye hadithi ya mtu anayekula nyumba? Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaja teknolojia ya kuchapa kwa oda. Mteja akinunua nakala moja, inachapwa nakala moja. Hakuna ghala, hakuna mtaji wa kuzikwa. Mwaka 2007 Amazon ikaleta Kindle, hata karatasi haikuhitajika tena.

Eraserhead Press ilianza 1999, jina wamelitoa kwenye muvi ya David Lynch ya 1977. Mmoja wa walioianzisha, Carlton Mellick III, alitoa Satan Burger mwaka 2001. Mwaka 2005 wachapishaji wadogo watatu, Eraserhead, Raw Dog Screaming na Afterbirth, walikubaliana kutumia jina moja kwa vitabu vyao vya ajabu: bizaro. Wakajifananisha na ile rafu ya pembeni ya duka la kukodisha kanda za video, pale zinapowekwa muvi ambazo hakuna anayejua ziwekwe wapi, na ambazo wateja wake hawaendi rafu nyingine. Mji wa Portland, Oregon, ukawa makao, na mkutano wao wa kila mwaka ukaanza kufanyika huko.

Vingi vya mwanzo vilikuwa burudani tupu. Shatnerquake ya Jeff Burk, 2009, ndiyo ile ya muigizaji William Shatner kuwindwa na wahusika wake mwenyewe. Ukisoma unacheka peke yako kwenye daladala.

Lakini tusiwapambe sana. Bizaro ya mwanzo ilipenda kushtua, na mara nyingi iliyeshtua kupitia mwili wa mwanamke. Ile hadithi ya mwanaume anayekuta nchi ndani ya mpenzi wake ni ya Mellick, ya 2006. Ni ya kuchekesha, ina huzuni yake pia, ila angalia nani anatembea na nani anatembelewa. Mwanaume ni mvumbuzi, mwanamke ni ramani. Mlango ulikuwa wazi kwa kila aina ya kichaa, lakini walioingia kwanza walikuja na samani zao za zamani.

MWENYE MWILI ANASIMULIA

Kisha ramani ikaanza kuongea.

Hailey Piper ni mwandishi Mmarekani, mwanamke transjenda. Mwaka 2020 alitoa The Worm and His Kings, ndiyo ile ya dude la kijivu chini ya New York. Ni mwaka 1990, Monique hana makazi, mpenzi wake Donna amepotea, na wanawake wengine wa mtaani wanazidi kupotea. Hakuna anayewatafuta, maana watu wa mtaani wakipungua jiji halihesabu. Monique anashuka mwenyewe kwenye mahandaki. Anakuta dini nzima huko chini, na kitu cha kale kikubwa kuliko akili ya binadamu.

Monique ni transjenda, na kitabu hakifanyi siri hiyo kuwa bomu la ukurasa wa mwisho. Sleepaway Camp ingemalizia hapo. Piper anapita hapo na kuendelea, kwa sababu swali lake ni lingine: mtu ambaye dunia imeshamtupa atafanya nini akikutana na mungu anayetaka kumla?

Mwaka uliofuata Piper akatoa Queen of Teeth. Mwanamke anagundua kuwa mwili wake umeota meno mahali ambapo meno hayaoti, na kampuni kubwa ya dawa inamtaka kama mali yake. Linganisha na kile cha 2006. Mwili wa ajabu ni ule ule wa kibizaro, wa kuchekesha na kutisha, lakini sasa hakuna mtalii. Mwenye mwili ndiye mhusika mkuu, na anayeamini anaweza kummiliki mtu ndiye wa kuogopwa. Paka ni wangu, mifugo ni yangu. Kitabu kilishinda tuzo ya Bram Stoker ya riwaya ya kwanza, tuzo kubwa ya waandishi wa kutisha Marekani.

Mwaka 2022 Gretchen Felker-Martin akatoa Manhunt, na hiki ukinunua jiandae, si cha kusoma ukiwa unakula. Virusi vinawageuza watu wenye homoni za kiume nyingi kuwa wanyama wanaobaka na kuua. Beth na Fran ni wanawake transjenda. Wanalazimika kuwawinda hao viumbe ili wapate homoni za kuwazuia wao wenyewe wasigeuke. Yaani kila siku wako dozi moja mbali na kuwa kitu wanachokipiga mshale. Na bado tishio kubwa zaidi si wanyama hao. Ni jeshi la wanawake wenye bunduki na sare walioamua kwamba Beth na Fran ni mazimwi tayari, hata wasipogeuka kamwe.

Uingereza nayo haikubaki nyuma. Alison Rumfitt alitoa Tell Me I'm Worthless mwaka 2021. Zimwi humo ni nyumba, na nyumba inaitwa Albion, jina la kale la kisiwa chenyewe cha Uingereza. Jumba linalokula wageni huku likiwanong'oneza wenyeji chuki masikioni, halafu wenyeji wanadhani mawazo hayo ni yao. Dubwana kubwa kuliko Godzilla, maana huwezi kulikimbia, unaishi ndani yake.

Kwenye skrini pia mambo yamebadilika. I Saw the TV Glow ya 2024, iliyoongozwa na Jane Schoenbrun, ina adui anayeishi mwezini na kijana anayepewa nafasi ya kutoka kwenye maisha yasiyo yake, naye anaogopa. Hakuna anayekatwa kichwa. Ukimaliza kuiangalia unakaa kimya kitandani dakika kumi.

Ukizipanga zote hizi mstari mmoja unaona kitu kimoja. Hawa waandishi hawakusema "tutoeni kwenye hadithi za kutisha, tuwekeni kwenye za mapenzi." Walibaki humo humo gizani, kwa sababu pale ndipo walipokuwa wamefungiwa na wanalijua giza lile kuliko mtu yeyote. Walichobadilisha ni jibu la swali la mtoto wa sultani: Nunda ni yupi? Sio mwili ulio tofauti. Ni kampuni, ni sare, ni nyumba, ni yule anayesema hiki ni changu.

SIO VITABU TU

Februari 2022 gavana wa Texas aliagiza idara ya ustawi wa watoto iwachunguze wazazi wanaowapatia watoto wao transjenda matibabu ya kubadili jinsia, kwa madai kuwa huo ni ukatili dhidi ya watoto. Familia zikaanza kuhofia kugongewa mlango. Mwaka huo huo mchapishaji mdogo wa hadithi za kutisha, Tenebrous Press, akatoa mkusanyiko uitwao Your Body Is Not Your Body, hadithi za waandishi transjenda na wa jinsia nyingine zisizo za kawaida, na mapato yakapangwa kusaidia vijana transjenda wa Texas.

Fikiria kidogo. Mazimwi, meno, minyoo, madude ya chini ya ardhi, yanachangishiwa pesa mtoto wa watu asichukuliwe nyumbani kwao. Watu wa bizaro wameitwa wapuuzi kwa miaka mingi, na wengi wao wamelikubali jina kwa furaha. Lakini serikali ilipoamua kuzichunguza familia za watoto fulani, waandishi wa vitabu vya kipuuzi walijitokeza na walichokuwa nacho.

Najua wasomaji wa hapa hatufanani. Wapo mtakaosema dini zetu hazikubali, wapo mtakaosema mila, na wapo mtakaosoma kimya kimya bila kuandika neno kwa sababu stori hii inawahusu zaidi ya mnavyoweza kusema hadharani. Hao wa mwisho nawasalimu zaidi. Kwa wengine naomba jambo dogo tu, si kubadili imani ya mtu. Siku nyingine muvi ikikuonyesha zimwi, subiri kidogo kabla hujapiga kelele. Angalia nani kamshika kamba. Angalia nani anafaidika wewe ukiogopa.

Kama unataka kuanza na tumbo lako ni jepesi, anza na I Saw the TV Glow. Kama unapenda madude ya kale na mahandaki, The Worm and His Kings ni fupi, unaimaliza wikendi moja. Manhunt waachie wenye roho ngumu, na usiseme hukuonywa.

Halafu niambieni hapo chini: zimwi gani wa utotoni mwenu, wa bibi au wa muvi, mkimfikiria leo mnaona kabisa alisingiziwa? Mimi nasubiri. Matusi yatafutwa, ubishi unaruhusiwa.